Mashine Iliyovaa Sweta

Mume wangu hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na wanawake wa nje hawakumshughulisha. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kinakwenda kwa mwendo wake akakiacha. Baiskeli yake aliibadilisha meno ya mnyororo mpaka ikawa haipandi mlima bila mtu wa kusukuma. Cherehani ya dada yangu aliifunga mota, na siku ya kwanza ikashona mkono wa gauni pamoja na kitambaa cha meza. Alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya reli, na kwa kuwa miaka ile ya mwisho ya Zaire treni ya Kabalo ilikuja ikijisikia kuja, alibaki na muda mwingi na bisibisi mfukoni.

Kwa hiyo kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu, ilinipasa kuiogopea tangu siku ile ile.

Ilikuja kwa meli kutoka Kigoma pamoja na printa yake, imeviringishwa ndani ya blanketi na kufungwa kamba za katani. Aliyeituma ni kaka yangu, mfanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa. Alisikia kwamba ofisi niliyokuwa napiga chapa imefunga milango na kwamba nimebaki na taipu ya zamani iliyokatika herufi e. Anayejua Kifaransa na ajaribu kuandika barua moja ya kuomba kazi bila herufi hiyo, ndipo atajua nilivyoteseka.

Tulikuwa na chumba kimoja cha ziada, cha mbele, dirisha lake likitazama barabara inayoshuka bandarini. Nikaweka humo meza, kompyuta na printa, nikatundika kibao mlangoni, nikaanza kuandikia watu mialiko ya harusi, barua za mahakamani, na zaidi ya yote kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi. Nilikiita biro yangu, yaani ofisi yangu. Nilikuwa mwanamke mtu mzima na sikuwahi kuwa na mlango ambao watu wanaubisha wakinitafuta mimi, si mume wangu, si baba yangu. Nilikipenda chumba kile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Kirungu, akaja kututembelea, akakaa.

Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye maneno machache na sindano za kufuma zisizotoka mkononi. Kwao ni milimani, kuna baridi ya kuota moto mchana, na watu wake hawaamini kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu hahitaji sufu. Tulimwekea kitanda sebuleni, nyuma ya pazia, na yeye hakulalamika hata siku moja. Aliyelalamika ni kaka mkubwa wa mume wangu, ofisa wa serikali, aliyeendelea kuvaa abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, baada ya wenzake wote kurudi kwenye tai. Alikunywa chai yangu, akamtazama mdogo wake, akasema:

"Mama analala salon sawa mugeni, na mashini iko na chumba. Hii njo heshima ya namna gani?"

Mume wangu akatazama kikombe.

"Niko naenda Lubumbashi," shemeji akaendelea. "Nikirudi, nitakuja siku ya Mungu nione hiyo mashini inatumika kazi gani. Kama haina kazi ya maana, chumba ni cha Mama."

Hakunisemesha mimi. Aliisema juu ya kichwa changu, kama watu wanavyozungumza bei ya mbuzi mbuzi akiwa amesimama hapo. Nilisonya kimoyomoyo na kumwongezea sukari.

Nilimtilia shaka mama mkwe, sitaficha. Nilidhani yeye ndiye aliyemtuma mwanawe mkubwa. Kila asubuhi alikuja kusimama mlangoni mwa biro, ananitazama nikiandika, anatazama kuta, anatazama dirisha, nami nikasema rohoni, anapima kitanda chake kitakaa wapi. Siku moja akaingia kabisa, akaweka kiganja juu ya lile sanduku la kompyuta, akakiacha hapo.

"Inatetemeka," akasema.

"Ni feni, Mama. Ndani mwake mna feni."

"Iko na baridi, na munaiwekea tena feni?"

Wiki haijaisha, kompyuta ikawa na sweta. Sweta hasa, la sufu ya kahawia, lenye tundu mbele la kuingizia disketi na shingo nyuma ya kutolea nyaya. Vipimo vilikuwa sawasawa na vya fundi wa suti. Akaivisha yeye mwenyewe, akavuta pindo likae vizuri, akaondoka bila kungoja shukrani.

Kwetu, nguo aliyoivisha mama mkwe haivuliwi na mkwe. Ukimvua mtoto kofia aliyofumiwa na bibi yake, hata jua likiwa kali namna gani, umeshasema neno ambalo litafika Kirungu kabla yako. Sweta likabaki. Na niseme haki, kompyuta haikujali. Ilivaa sweta lake na kufanya kazi kutwa bila shida yoyote. Wateja waliona ajabu, wakazoea.

Wakati huo akaja mwanafunzi wa dagaa. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyerudi masomoni kwa shida, na kazi yake ya mwisho ilihusu namna ya kukausha dagaa wa ziwa letu. Ilikuwa ndefu. Alikaa kwenye stuli kando yangu akinisomea kwa sauti ya kuhubiri, na kila alipofika kwenye neno "mchanga" alinyanyua kidole kuonya, maana ndio unaoharibu dagaa. Wenzake walikuwa wanangoja kuona kazi yake itatokaje. Ikitoka safi na kwa wakati, wote wangeleta za kwao kwangu, na shemeji akirudi angekuta foleni mlangoni. Nilihesabu dagaa wale kuwa ndio wakombozi wangu.

Nikafanya kosa la kumwambia mume wangu kwamba kazi ni nyingi.

Jioni hiyo akaja na gazeti la Kifaransa aliloazima kwa rafiki yake wa bandarini. Alikuwa na uso wa mtu aliyetokewa na malaika. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo ndiyo kichwa chake, na kwamba waliotengeneza yetu waliipangia mwendo wa megahetzi thelathini na tatu kwa woga tu. Kumbe kwenye ubao wake kuna vijiti vidogo vilivyovaa kikofia cheusi, kinaitwa kavalie. Ukikihamisha kavalie kutoka vijiti hivi kwenda vile, inakwenda arobaini. Ukikihamisha tena, hamsini.

"Wamelipwa watufichie," akasema.

Alilivua sweta mama mkwe akiwa kwa jirani, akahamisha kavalie, akalivisha tena upesi. Kompyuta ikawaka. Programu ya kuandikia, ambayo zamani ilifunguka wakati naweka kiti sawa, sasa ilifunguka kabla sijakaa. Kesho yake karakana nzima ilijua, na kufikia mwisho wa wiki wapakiaji wa bandarini walikuwa wakimsalimia kwa kumuuliza kama ile hamsini iko salama.

Na mimi nilipata nini? Vidole vyangu vilikuwa vilevile. Mwanafunzi alisoma kwa mwendo uleule na kunyanyua kidole chake kilekile. Kompyuta ilikuwa inatungoja sisi wote wawili kwa haraka zaidi, basi.

Ikaanza kuzimia. Haizimiki kabisa, hapana, inasimama tu. Naandika sentensi, herufi zinagoma kutokea, kiashiria kinaacha kupepesa, na chochote utakachobonyeza ni sawa na kubisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Nazima, nawasha, nakuta ukurasa mzima umekwenda. Nikajifunza kuhifadhi kila baada ya mstari. Ikanijibu kwa njia nyingine: siku moja nilifungua sura ya tatu nikakuta katikati ya maelezo ya chumvi pamejaa alama za moyo na vile vijiuso vidogo vinavyocheka. Kabla sijaziona vizuri mwanafunzi alikuwa ameshaziona. Alivuta stuli nyuma.

"Mama," akasema kwa adabu sana, "mie niko na bibi."

Nilimwambia ni hitilafu ya mashine. Alikubali kwa kichwa, lakini tangu siku hiyo alikuja na mke wake.

Mume wangu aliingia kwenye uchunguzi kwa moyo wote. Kwanza alisema ni umeme, unapanda na kushuka. Akaleta stabilizatere ya kuutuliza kutoka karakana, dude la chuma lililokuwa likitumika kwa mashine ya kuchomelea, likanguruma chini ya meza mpaka vikombe jikoni vikatembea. Kompyuta ikazimia. Akasema ni kumbukumbu zake zimeshika kutu, akavitoa vile vibao vidogo akavisugua meno kwa kifutio cha shule. Ikazimia. Akasema ni virusi, vimeletwa na disketi ya mwanafunzi, na mke wa mwanafunzi akasimama akauliza nani hapa ana virusi. Ilibidi nipike chai.

Mwisho akasema ni unyevu wa ziwa. Akafunga dirisha, akaleta mbabula yenye makaa mekundu, akaiweka karibu na kompyuta ili ikaushe hewa. Mama mkwe akapita, akachungulia, akamsifu mwanawe kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Sasa inasikia vizuri," akasema.

Haikumaliza hata sentensi moja.

Kilichoniudhi si kwamba alikosea. Alirundika mambo manne moja juu ya jingine bila kuondoa lolote, kisha akaniuliza ni lipi lenye kosa. Hata mpishi anayeanza anajua kwamba ukitia chumvi, ndimu, pilipili na mafuta mfululizo bila kuonja, hutajua kipi kimeharibu mchuzi. Nikamfukuza bironi, nikaanza kupima mwenyewe, kitu kimoja kwa siku. Stabilizatere nikaitoa: hali ileile. Disketi ya mwanafunzi nikaiweka pembeni: hali ileile. Ndipo nikaona kwamba asubuhi, mama mkwe akiwa misani, nilikuwa nalipandisha sweta kidogo ili nione taa ya mbele, na saa hizo zote kompyuta haikuzimia. Mama akirudi, anapita, analishusha, anavuta pindo. Baada ya hapo kifo.

Nikagusa chini ya sufu. Palikuwa pa moto kama paji la uso la mtu mwenye malaria.

Nilimwita mume wangu nikamwonyesha. Akagusa, akaruka, uso ukamng'aa.

"Ni triko," akanong'ona. "Triko ya Mama njo inaiua."

"Ilivaa triko kabla haujaifungua, na haikukufa. Ni triko na hamsini yako, pamoja."

"Basi mwambie aitoe."

"Ni mama yako."

"We njo mwanamuke wa nyumba. Hayo ni mambo ya bamama."

"Rudisha thelathini na tatu, hakuna mama atakayeambiwa kitu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia auze mtoto. Watu wa bandarini wangesemaje? Wale wa karakana je? Akanieleza tena habari za watengenezaji waliolipwa. Basi tukakaa hivyo, yeye hataki kushusha mwendo, mimi sithubutu kuvua sweta, na katikati yetu mwanafunzi wa dagaa na mkewe wakingoja, na kazi yenyewe ilitakiwa chuoni Ijumaa. Jumatano ikazimia mara nyingi kiasi kwamba mwanafunzi aliacha kusoma akashika kichwa. Akasema amewaahidi watoto wake. Alisema taratibu, hakumlaumu mtu, na hilo likanichoma kuliko angepiga kelele.

Nikatoka nikamkuta mume wangu uani. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, barazani, anachambua maharagwe.

"Sikiliza vizuri," nikamwambia. "Naenda pale kwa Mama. Nitamwambia: mutoto wako anasema triko yako inaua mashini."

"Hautaweza."

Nikapiga hatua kuelekea barazani. Mama mkwe akainua macho. Mume wangu akaniwahi, akapita mbele yangu akiwa na bisibisi mkononi, akaingia bironi. Aliporudi alikuwa ameshusha kavalie na mabega.

Kazi ya dagaa ilitoka Ijumaa asubuhi, kurasa zote, bila moyo hata mmoja. Mwanafunzi na mkewe waliibeba kama mtoto wa ubatizo, na kabla ya jioni wenzake watatu walikuja kuulizia zamu. Nilisimama dirishani nikitazama barabara ya bandarini, nikajisikia tajiri.

Shemeji alirudi kutoka Lubumbashi, akaja Jumapili baada ya misa, abakosti imepigwa pasi. Asubuhi nilikuwa nimewasha kompyuta, ikawa njema. Nilipanga karatasi za wateja wapya mezani zionekane. Kisha nikaenda jikoni kusonga bugali, kwa sababu haiwezekani mkubwa wa nyumba aje akute chungu hakijakaa motoni, na huko jikoni ndiko nilikofanya ujinga wangu wa mwisho: nilimwacha mume wangu peke yake bironi.

Nilijua kwa sauti yake tu, niliporudi nikifuta mikono.

"Yaya," alikuwa akimwambia kaka yake, "ona vile inafunguka mbio."

Ilifunguka mbio kweli. Nikamtazama, akatazama dari. Bisibisi ilikuwa inachungulia mfukoni mwake. Sweta lilikuwa limevutwa vizuri mpaka chini, kwa heshima ya wageni.

Shemeji aliridhika na ile mbio, akataka aone kazi. Akaniamuru nimwandikie barua ya ofisi yake. Nikakaa. Nikaandika anwani, nikaandika salamu, nikaandika mstari wa kwanza polepole nikiomba Mungu, na huko jua likizidi kuingia dirishani. Katikati ya neno ikasimama. Kisha, kama haitoshi, skrini ikajaa mioyo na vile vijiuso, vingi kuliko siku zote, vinamcheka ofisa wa serikali.

Alivaa miwani, akainama.

"Basi hii njo mashini yenye kuwa na chumba," akasema.

Nilitamani kumpiga mume wangu kwa kibodi, na wakati huohuo niliona kabisa meza yangu ikitolewa mlangoni. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi za wateja ili nisionekane nalia.

Mama mkwe akaingia. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaweka kiganja juu ya sweta, akakiacha hapo kama ile siku ya kwanza.

"Iko na homa," akasema.

"Mama, ni mashini," akasema shemeji.

"Na mie niko mama yako. Kaa." Akamgeukia, na yeye, mtu mkubwa vile na abakosti yake, akakaa. "Kwetu Kirungu hatutoe mugonjwa kwa kitanda juu muntu muzima alale. Mie niko muzima. Chumba ni cha mugonjwa. Siku itapona, mutakuja kuniuliza."

Bugali ikaletwa, tukala.

Jioni hiyo mume wangu alirudisha thelathini na tatu bila kuombwa, na hakugusa tena kavalie maisha yake yote kwenye nyumba ile. Jumatatu kompyuta ilifanya kazi tangu asubuhi. Mama mkwe alipokuja kusimama mlangoni, nilisimama, nikamwambia kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao:

"Mama, imepona."

Akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Akaja akarekebisha shingo ya sweta kwa nyuma, kwenye nyaya, taratibu sana.

"Nilijua toka jana," akasema. "Na chumba mie sikitaki: salon nasikiaka bantu ya nyumba, humu usiku muntu iko peke yake. Lakini mukubwa wa bwana yako asijue bado."

Nilimshika mkono, nikashindwa kuuachia. Wiki zote zile nilimdhania anapima kitanda, kumbe alikuwa akinitazama nikifanya kazi.

Alikaa nasi miaka, na alilala sebuleni nyuma ya pazia lake mpaka siku aliyopanda boti kurudi Kirungu. Kila shemeji alipokuja kututembelea, tulizima printa, wanafunzi wakaenda kungoja nyuma ya jiko, na yeye, kabla hata ya kukaa, alikuwa akiuliza kama mashine imepona. Mama mkwe alikuwa hainui macho kwenye ufumaji wake. Mimi nilijibu, "Bado, shemeji." Kisha sote watatu tulimgeukia mume wangu, aliyewahi kuitangaza hamsini yake kuanzia karakana mpaka gatini, na yeye akameza mate akasema, "Bado, Yaya. Iko inagonjwa sana."